Waziri Mkekani kwa Bi Sikudhani

Nchi yenyewe ipo, wala haiko mbali. Anayetaka kuifikia apande basi lolote, na asiyetaka kusafiri akae palepale alipo, huenda akawa ameshafika. Ni nchi yenye amani, yenye milima mizuri, na yenye serikali sikivu inayosikia kila kitu, kisha ikapanga kukijibu mwaka wa fedha ujao.

Katika nchi hiyo bangi ilikuwa adui wa taifa kwa miaka mingi sana. Wanafunzi waliimba nyimbo za kuilaani kila Ijumaa. Helikopta pekee ya jeshi ilinunuliwa ili iitafute milimani, na kwa kuwa ilikuwa mbovu, ilitafuta zaidi ikiwa chini. Vijana waliokutwa na msokoto mfukoni walifungwa, na waliokutwa bila msokoto walipekuliwa tena mpaka upatikane. Halafu kamati ya wabunge ikaenda ng'ambo kujifunza habari za maji safi, ikarudi imejifunza jambo lingine kabisa. Wataalamu wakaitwa. Wakasema jani lile ni dawa, ni kamba, ni mafuta, na zaidi ya yote ni kodi. Mheshimiwa Dakta Evarist Kimbulu, aliyekuwa Waziri wa Kupambana na Jani, akaapishwa kuwa Waziri wa Jani na Maridhiano. Alibaki na ofisi ileile, gari lilelile na dereva yuleyule. Kilichobadilika ni kibao cha mlangoni.

Hemedi, mtoto pekee wa Bi Sikudhani wa kijiji cha Sungwi, alihukumiwa wiki ileile Bunge lilipokuwa likijadili muswada. Alikuwa fundi baiskeli, na polisi walikuwa wamemkuta na misokoto kwenye boksi lake la spana. Wakili wa kujitolea alimwomba hakimu avute subira, maana sheria ilikuwa njiani kubadilika. Hakimu akatikisa kichwa kukubali, akasema hiyo ndiyo sababu ya kufanya haraka, kwani baada ya hapo asingekuwa na sheria ya kumhukumia. Akampa kifungo kirefu, kile cha kuwa fundisho kwa wengine. Hao wengine walipotoka mahakamani, haikuchukua muda wakakuta jani linauzwa dukani, na risiti juu.

Bi Sikudhani hakulia. Alidhani ni suala la kusubiri kidogo tu, sheria ipite, mlango ufunguliwe. Alirudi nyumbani akafua shuka za kitanda cha Hemedi, akazianika, akazikunja. Sheria ikapita, watu wakapiga vigelegele redioni, mlango haukufunguliwa. Shuka zile alizifua tena, na tena, mpaka maua yake yakafifia, na hakuna aliyezilalia.

*

Kodi ya jani iliingia kwa kasi ambayo hata Hazina iliona haya. Watu waliokuwa wakilinunua kwa kunong'ona sasa walipanga foleni mchana kweupe, na kila pumzi waliyovuta ilikatwa kodi. Ndipo Serikali ikatangaza kwamba fedha hizo zitatumika kutengeneza madhara yaliyowapata wananchi enzi jani lilipokuwa haramu.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Kimbulu siku ya uzinduzi, "Serikali yenu haijawahi kukosea, na ndiyo maana inapoomba radhi, inaomba kwa viwango vya kimataifa. Jani lililowaumiza ndilo litakalowaponya. Anayeuliza kwa nini tuliwaumiza, anarudisha nyuma gurudumu la uponyaji."

Mfuko wa Marekebisho ukaanza kazi siku hiyohiyo. Ulinunua magari ya kwenda milimani kutathmini madhara. Barabara za milimani zikayaharibu magari, na kwa kuwa Mfuko ulikuwa wa kutengeneza vilivyoharibika, ukayatengeneza. Zikafanyika semina za kuwaelimisha maofisa jinsi ya kumsikiliza mwathirika, nyingine ufukweni, kwa sababu ilibainika kwamba kusikiliza kunachosha. Kila wilaya ikapata Afisa Madhara.

Wa wilaya ya Bi Sikudhani alikuwa binti mmoja mpole aitwaye Adventina Lukole. Ofisi yake ilipakwa rangi ya kijani, ikachorwa jani kubwa na mikono miwili inayopeana salamu. Bi Sikudhani alifika asubuhi, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, madhara yako ni ya aina gani?"

"Mwanangu kafungwa kwa bangi."

"Pole sana. Alitoka lini?"

"Hajatoka. Yumo mpaka sasa."

Adventina akaweka kalamu chini. "Hapo ndipo penye ugumu, mama. Mfuko unatengeneza madhara yaliyokwisha. Ya kwako bado yanaendelea. Kitaalamu tunasema hayajakomaa."

"Yatakomaa lini?"

"Kijana akitoka."

"Akitoka sitakuwa na shida na ninyi."

"Na hapo ndipo tutakuhudumia vizuri."

Bi Sikudhani akamtazama. Yule binti hakuwa na kiburi hata chembe, na hilo ndilo lilimchosha zaidi. Mtu ukimkuta na kiburi unaweza angalau kumkasirikia ukarudi nyumbani na hasira zako.

"Basi mtoeni," akasema.

"Mama, kumtoa si kazi ya Mfuko. Ni kazi ya Magereza. Nilishawauliza kwa ajili ya mama mwingine. Wanasema aliyeingia kwa sheria ya zamani lazima atoke kwa sheria ya zamani. Kumtoa kwa sheria mpya ni kuidharau ile ya kwanza, na yenyewe imeshafutwa, haipo ijitetee."

Alimpa soda ya moto na fulana ya kijani iliyoandikwa TUMESAMEHE. Soda aliinywa, kwa kuwa alikuwa na kiu. Fulana alifika nayo nyumbani akaifanya dekio, na lazima isemwe kwamba ilikuwa pamba nzuri, ilinyonya maji vizuri sana.

*

Kwenda gereza la Kilungule kulikula siku nzima, na kurudi hivyohivyo. Safari hii Bi Sikudhani alidhani amepotea njia, maana kuta zilikuwa kijani. Mfuko ulikuwa umegundua kwamba hakuna mahali pengine nchini ambapo waathirika wa jani wamekusanyika kwa wingi namna ile, ukaamua kuwaletea maendeleo palepale. Gereza likapakwa rangi, likawekewa bustani, na juu ya geti likaandikwa jina jipya: Kituo cha Waathirika Kilungule. Funguo zilikuwa zilezile.

Hemedi aliletwa akiwa na udongo magotini. Kabla hajafika karibu, mama yake aliisikia harufu. Ni harufu ileile iliyomfungisha, safari hii imekolea mpaka kwenye nywele.

"Unavuta humu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Navuta wapi, mama. Nalima. Shamba la Taifa liko nyuma ya gereza, sisi ndio tunalipalilia. Bwana Jela anasema nina mkono mzuri. Wageni wakija mimi ndiye nawaonyesha miche."

"Wanakufunga kwa bangi, halafu wanakulimisha bangi?"

"Hii si bangi, mama. Hili ni Jani." Alisema bila kucheka. Zamani Hemedi alikuwa mtu wa utani, angeweza kumchekesha mteja mpaka asahau kuulizia baiskeli yake. "Wanasema ninavyolima hivi, wangetamani kuniajiri nikitoka. Ila hawawezi. Leseni haimruhusu mtu aliyewahi kufungwa kwa bangi."

Mlinzi mmoja alikuwa akipiga miayo kwenye kivuli.

"Kibanda changu cha baiskeli bado kipo?" Hemedi akauliza.

"Kipo," akasema Bi Sikudhani. Kibanda kilikuwa kimeshageuzwa duka la jani, mwenye duka ni yule sajenti aliyemkamata, sasa mstaafu na mtu wa heshima. Hakuona sababu ya kumwambia.

"Mama, usiwe unakuja kila mwezi. Unachoka."

"Nyumbani nako nachoka. Bora nichokee huku."

*

Watu wa Sungwi wana desturi yao ya kumaliza ugomvi, wanaiita kukaa mkekani. Aliyekosa huenda nyumbani kwa aliyemkosea, huvua viatu, hukaa uani juu ya mkeka wa mwenyeji. Mwenyeji humpa uji usio na sukari. Akishaunywa, hutaja kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, na haruhusiwi kuinuka mpaka mwenyeji amwambie "Inuka". Na katika muda wote huo, yeyote aliyekaa juu ya mkeka haguswi na mtu, awe mdai, awe mgambo, awe shemeji mwenye panga. Desturi haina zaidi ya hapo. Imemaliza magomvi ya mipaka, ya mbuzi na ya wake, na watu wameishi nayo bila semina.

Waziri aliisikia kwenye hafla fulani akaipenda. Ilikuwa ya asili, ilikuwa na picha nzuri, tena haikuhitaji kumtoa mtu gerezani. Akaagiza iwe sheria. Mshauri mwelekezi kutoka mji mkuu akapanda mlimani, akawasikiliza wazee, akaandika yote waliyoyasema bila kupunguza neno, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa wa kulipwa kwa kurasa. Bunge likaipitisha Sheria ya Mkeka kabla ya chakula cha mchana, nzima nzima, pamoja na shemeji mwenye panga.

Adventina ndiye aliyepanda hadi Sungwi kuleta habari. Alimkuta Bi Sikudhani akichambua mchele.

"Mama, umechaguliwa. Mheshimiwa anakuja kukaa mkekani kwako, taifa zima litatazama."

"Nimechaguliwa kwa lipi?"

Adventina akaona haya. "Ua wako uko karibu na lami."

"Na lile la kukomaa?"

"Wamelilegeza. Kwa siku hiyo tu, madhara yako yatahesabiwa yamekwisha. Ukishasema Inuka, utapata cherehani, na bati za kuezekea."

Bi Sikudhani akaendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akatoa pumba, akatoa jiwe jingine. "Mwanangu, wewe una mama?"

"Ninaye."

"Angekuwa ni wewe uko ndani, mama yako angeshona nini kwa hiyo cherehani?"

Adventina alichuchumaa akaanza kumsaidia kuchambua, na gari la Mfuko likapiga honi mara kadhaa barabarani kabla hajainuka kuondoka.

*

Siku yenyewe lilifungwa hema la wageni, na nyuma yake hema la wageni wa wageni. Bendi ya polisi ililetwa na lori. Serikali ilikuwa imeagiza mkeka wa plastiki kutoka nje, mpana, wenye nembo ya taifa, lakini Bi Sikudhani alisema mkeka ni wa mwenyeji au hapana mkeka, akatandika wake wa ukindu, uliochakaa kingo.

Mheshimiwa Kimbulu akavuliwa viatu na msaidizi. Mara ya mwisho kukaa chini alikuwa anagombea ubunge, na magoti yalikuwa yamesahau. Alishushwa taratibu, huku na huku, mpaka akafika. Bi Sikudhani akakaa mbele yake, akampa bakuli la uji. Akaunywa akikunja uso, wapiga picha wakafurahi, kisha akafunguliwa hotuba yake.

"Mimi, kwa niaba ya Serikali, na kwa unyenyekevu mkubwa unaozidi ule wa nchi jirani, nakiri kwamba huko nyuma, kutokana na mazingira ya wakati ule, baadhi ya mambo yalitokea kwa baadhi ya watu, na watu hao wakatokewa."

Makofi yakapigwa. Bendi ikashika vyombo.

"Mheshimiwa, hujataja," akasema Bi Sikudhani.

"Nitaje nini, mama?"

"Ulichonifanyia."

Waziri akawatazama wasaidizi wake, wasaidizi wakatazama karatasi zao. Majirani waliosimama nyuma ya kamba walikuwa wametulia tuli, kama watu wanaosikiliza kesi ya mpaka.

"Tulimfunga mwanao," akasema.

"Na?"

"Na... bado tumemfunga."

Ilikuwa sentensi fupi kuliko zote alizowahi kuzitoa hadharani. Waandishi wengi hawakuinasa, maana walikuwa wamezoea kupumzika anapoanza kusema. Msaidizi akamnong'oneza Bi Sikudhani kwamba sasa ni zamu yake, ni neno moja tu.

"Nikisema hilo neno, yamekwisha," akasema Bi Sikudhani. Hakupandisha sauti. "Na hayajakwisha. Nitakuwa nimesema uongo mbele ya majirani zangu. Mwanangu aje kwanza."

Walidhani anatania. Bendi ikapiga wimbo wa taifa kumsaidia akumbuke, ikaurudia. Mwanasheria wa wizara akafungua Sheria ya Mkeka, akaisoma mbele nyuma, akaanza kutoka jasho. Waziri akitaka kujiinua mwenyewe, anavunja sheria aliyoitia saini kwa kalamu ya dhahabu. Wakitaka kumnyanyua kwa nguvu, haguswi. Kuibadilisha kunahitaji Bunge, na wabunge wote walikuwa ufukweni kwenye semina ya Mfuko. Msamaha wa mfungwa unahitaji Mkuu wa Nchi, naye alikuwa ng'ambo akipokea tuzo ya nchi iliyotengeneza madhara vizuri zaidi.

Kwa hiyo Waziri akakaa. Jua likazunguka, wakamhamishia mwavuli. Mafaili yaliletwa akayatia saini juu ya paja. Balozi mmoja alikuja kumuaga, ikabidi achuchumae. Mchana wote Bi Sikudhani alikaa mbele yake, mikono mapajani, akiinuka tu kuswali na kurudi.

Alasiri, wapiga picha walipoenda kula, Waziri alizungumza kwa sauti isiyo ya hotuba.

"Mama yangu, Jumamosi naoza binti. Mimi ndiye baba yake. Ukinishikilia hapa nitaikosa ndoa ya mwanangu."

"Hongera sana, baba."

"Nakuomba."

"Hemedi alikosa mazishi ya baba yake," akasema Bi Sikudhani. "Aliomba ruhusa, wakamwambia aandike barua. Jibu lilikuja kwamba haiwezekani, kilikuwa ni kipindi cha mavuno." Alisema hivyo bila ukali wowote, kama anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Ukali alikuwa ameshaumaliza siku nyingi.

Waziri akainamisha kichwa. Baada ya muda akamwita msaidizi wake, akasema, "Mleteni huyo kijana. Amwone tu."

*

Siku ya pili lori la magereza lilifika, likamshusha Hemedi akiwa na pingu, na Koplo Msabila amemshika kiwiko. Koplo alikuwa mtu wa makamo mwenye masharubu na vidonda vya tumbo, na hakupenda safari. Maelekezo aliyopewa yalikuwa mepesi: mfungwa aonekane, mama aseme neno, mfungwa arudishwe usiku huohuo, kwa kuwa palizi ilikuwa haijakwisha.

Hemedi alisimama pembeni mwa mkeka. Alimtazama mama yake, akautazama ua; mwembe uliokuwa hapo haukuwepo tena, ulikatwa kupisha hema. Bi Sikudhani alikuwa amengoja saa hii kwa muda mrefu mno. Aliona jinsi shingo ya mwanawe ilivyokonda ndani ya ukosi.

"Mama, mwambie mzee ainuke," akasema Hemedi. "Yeye kachoka, na mimi nimesimama kwenye lori tangu alfajiri. Tumalize nirudi."

Wasaidizi wakaunga mkono kwa vichwa. Mfungwa alikuwa na busara. Bendi ikajipanga.

Bi Sikudhani akajisogeza pembeni. Akapapasa ukindu pale alipokuwa amekaa yeye, kama alivyokuwa akifanya mtoto alipokuwa mdogo akitoka kucheza.

"Umechoka?" akauliza.

"Nimechoka, mama."

"Basi kaa."

Hemedi akakaa. Alikaa vizuri tu, miguu ameikunja, pingu mapajani. Ilichukua muda kabla ya Koplo kuelewa kilichotokea, na mwanasheria wa wizara alikuwa ameshaelewa kabla yake, kwa sababu alitoa sauti ya mtu aliyekanyaga msumari. Majirani nyuma ya kamba wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha ua mzima.

"Inuka, baba," Bi Sikudhani akamwambia Waziri. "Nenda kaoze binti. Mungu awape heri."

Mheshimiwa Kimbulu akanyanyuliwa, akaanza kutafuta viatu, na alipokuwa akivivaa hakumtazama mtu. Alikuwa amesahau kusoma kipande cha mwisho cha hotuba, kile cha cherehani.

*

Usiku ule na siku zilizofuata Hemedi alikaa mkekani. Koplo Msabila alibaki naye, maana mfungwa ni wake. Kwanza alimfungua pingu, zilikuwa mali ya gereza na zilitakiwa kurudi na lori. Hemedi alipotaka kwenda chooni, majirani walishika pembe za mkeka wakamburuta nao, na Koplo akafuata nyuma kwa hadhi. Mvua ilinyesha mara moja, wakauvuta mkeka hadi barazani. Bi Sikudhani alipika ugali na mlenda, akala na mwanawe katika sinia moja.

Serikali haikutumia nguvu, kwa kuwa ni serikali ya sheria. Ilitafuta sheria nyingine. Wiki ileile ikatangazwa redioni kwamba, katika mpango wa kusogeza huduma karibu na mwananchi, ua wa Bi Sikudhani wa Sungwi, pamoja na mkeka na vyote vilivyomo, ni tawi la gereza la Kilungule kuanzia tarehe ya tangazo. Kwa hiyo mfungwa hakuwa ametoroka, wala hakuondolewa mkekani. Ni gereza ndilo lililomfuata. Mfuko wa Marekebisho uligharimia uzio wa bati na geti, vikapakwa kijani, na Mheshimiwa Kimbulu, ambaye ndoa ya bintiye ilifana, akaeleza Bunge kwamba kwa mara ya kwanza katika historia madhara yamewafikia waathirika hadi majumbani.

Adventina alikuja kuuona uzio. Alisimama nje, akaushika kwa kiganja, akasema, "Mama, hizi ndizo bati zako." Kisha akaondoka na hakupanda gari, alishuka mlima kwa miguu.

Sasa Hemedi aliweza kutembea uani kote. Akaokota baiskeli mbovu ya jirani, akaanza kuifungua bolti moja moja. Bi Sikudhani alimtazama kutoka jikoni, na kwa mara ya kwanza aliruhusu machozi yatoke, akasingizia kuni mbichi.

Ilipotimu saa kumi na mbili jioni, Koplo Msabila akapuliza filimbi. Akaja mpaka kwenye mkeka, akavua kofia.

"Mama, samahani. Muda wa wageni umekwisha."

"Wageni gani?"

"Wewe, mama. Hapa ni gerezani. Nimeletewa maelekezo, raia hatakiwi kuwa ndani baada ya filimbi. Kama una ndugu hapo jirani..."

"Hii ni nyumba yangu, mwanangu. Niliolewa humu."

"Najua, mama. Hata mimi najua." Alisugua tumbo lake. "Ila atakayebaki humu, sheria inanitaka nimhesabu. Nikikuhesabu leo, kesho huwezi kutoka. Mpaka huyu amalize, na ana miaka mingi mbele yake."

Hemedi aliacha spana. "Mama, nenda kwa Mama Chausiku hapo jirani. Utakuja asubuhi."

Bi Sikudhani alilitazama geti lililokuwa wazi, na nje ya geti barabara ya lami, ileile aliyoipanda na kuishuka kila mwezi. Alikuwa amechoka kwenda, na alikuwa amechoka zaidi kurudi. Akaingia ndani, akatoka na shuka zilizokunjwa, akatandika moja upande wa Hemedi na moja upande wake.

"Nihesabu," akasema.

Koplo akatoa daftari lake la zamu, akaandika jina la kwanza, akaandika la pili, akasita.

"Lazima nijaze kosa, mama. Nikiacha wazi watalirudisha. Niandike kosa gani?"

"Andika mimi ni mama yake."

Koplo Msabila akaandika hivyo, kwa kuwa hakuona lingine la kuandika, akaenda kufunga geti.